Damu Iwekwayo Akiba, na Mtu Aitoaye

Katika kijiji chetu gari la Damu Salama lijapo na kusimama chini ya mwembe wa shule, husikika maneno yale yale kila mwaka. Wazee husema, "Waacheni vijana wanaume watangulie, maana damu yao ni nzito." Wanawake huambiwa wakae kando, ya kuwa damu yao ni haba, na hiyo iliyopo ni ya kuzalia watoto. Mtu mwembamba huchekwa. Mtu mwenye kifua kipana husukumwa mbele na kupigiwa makofi. Nasi tulio walimu, tuliofundishwa kuyapima maneno kabla ya kuyasadiki, tuliyasadiki hayo miaka mingi bila kuyapima, kwa sababu yalitupendeza. Kifua chetu kilikuwa kipana.

Leo twataka kuwaeleza jinsi tulivyojifunza ya kuwa damu ikisha kutoka mwilini na kuwekwa akiba haimsahau mtu iliyotoka kwake. Hukaa vizuri au vibaya kwa kadiri ya alivyo mtu huyo, na alivyo ndani sivyo aonekanavyo kwa nje. Somo hili halikutufikia kwa vitabu kwanza. Lilitufikia kwa huzuni, nasi tutaanza na huzuni hiyo.

Ilikuwa wakati wa masika, mwaka 2016. Mtoto wa jirani yetu, mwenye umri wa miaka mitatu, alishikwa na malaria kali hata damu ikampungukia kabisa. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vilivyopakwa unga. Baba yake alikuwa safarini. Mama yake akampakata juu ya pikipiki mpaka hospitali, nasi tukafuata kwa baiskeli. Huko tuliambiwa ya kuwa mtoto ni wa kundi la O, na katika friji ya damu hapakuwa na hata mfuko mmoja wa kundi hilo. Kadi yetu ya mtoaji ilikuwa mfukoni, nayo iliandikwa O. Tukakunja mkono wa shati. Damu ikapimwa maradhi yale manne yapimwayo siku zote, yaani UKIMWI, homa ya ini ya B na ya C, na kaswende. Ikalinganishwa na ya mtoto, ikaonekana yapatana, naye akaongezewa usiku ule ule.

Asubuhi mtoto alifumbua macho akaomba uji. Tulirudi nyumbani tukiimba njiani, na twakiri ya kuwa tulijisifu mbele ya watu. Usiku wa pili degedege lilimshika kwa nguvu, akafa kabla ya alfajiri. Tulimzika, tukamlilia. Lakini moyoni tulisema, "Sisi tulifanya lililo letu, tulimpa damu njema."

Miaka mitano ikapita, nasi tukaendelea kutoa. Mwaka 2021 tulipatwa na maradhi ya ngozi, tukapewa dawa iitwayo dapsoni. Siku ya nne mkojo wetu ulikuwa mweusi kama kahawa, macho yakawa ya manjano, na kupanda kilima cha kwenda shuleni kukatushinda. Daktari alipotuona alituamuru kuiacha dawa siku ile ile. Tulipokwisha kupona akangoja miezi mitatu, kwa kuwa mtu akipimwa mapema baada ya chembe zake kupasuka kipimo chaweza kudanganya. Kisha akatupima. Majibu yalikuja ya kuwa twazaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwamba tuliurithi kwa mama yetu.

Yule daktari akasema, "Mwalimu, umetoa damu mara ngapi?" Tukamjibu, "Mara kumi na mbili." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, imetosha. Kuanzia leo hutatoa tena." Akatueleza ya kuwa Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2012 juu ya kuwachagua watoaji, lasema mwenye upungufu huu ambaye chembe zake hazijapata kupasuka aweza kutoa, ingawa damu yake isipewe wagonjwa wa namna fulani, kama mtoto mchanga abadilishwaye damu yote. Lakini yule ambaye zimekwisha kumpasukia, kama zilivyotupasukia sisi, asitoe tena maisha yake.

Tulitoka pale tukiwa kama mtu aliyeambiwa ya kuwa fedha aliyowapa rafiki zake miaka yote ilikuwa mbovu. Mifuko kumi na mmoja ilikwenda kwa watu tusiowajua. Mfuko mmoja ulikwenda kwa mtoto tuliyemjua, naye yuko kaburini. Usingizi ukatupotea. Hata Jumamosi moja tukamrudia daktari, tukamwambia, "Bwana, twataka kujua. Usitufariji; tufundishe." Naye akakubali. Jumamosi nyingi alitueleza na kutusomea maandishi ya wataalamu, na haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

Chembe nyekundu ya damu ni kitu cha ajabu. Katika milimita moja ya ujazo zimo kama milioni tano. Umbo lake ni kama kisahani kilichobonyea pande zote mbili. Ndani yake imejaa hemoglobini, ambayo huipokea oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Ili ipate nafasi ya mzigo huo, chembe imekitupa kiini chake tangu ujana wake. Kwa hiyo haiwezi kuzaa nyingine, wala haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya badala ya kilichochakaa. Ni kama msafiri aliyefunga masurufu yake yote siku ya kuondoka, na njiani hamna duka. Kwa masurufu hayo huishi kama siku 120, kisha wengu na ini huiondoa, na nyingine huingia mahali pake.

Sasa, hemoglobini ina chuma ndani yake. Nanyi mlio wakulima mwajua litokealo chuma kikikaa na hewa: hushika kutu. Jambo lililo mfano wa kutu huitishia chembe nyekundu kila siku ya maisha yake, na G6PD ni kama mafuta tupakayo jembe lisiharibike. Mtu aliye na mafuta haba huishi salama siku nyingi, hata hajui ya kuwa amepungukiwa. Lakini akipewa dawa kama dapsoni, kutu huja kwa wingi kuliko mafuta, na chembe hupasuka. Ndilo lililotupata. Wenye upungufu huu ulimwenguni wakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 400, na wengi wao ni wa nchi ambazo malaria imekaa tangu zamani, na pwani yetu ni mojawapo. Wanaume huonekana nao zaidi, kwa sababu ya namna unavyorithiwa.

Je, damu iwekwayo akiba hupatwa na nini? Tufikiri kwanza juu ya wale waliotupatia akiba hiyo. Mwaka 1901 Karl Landsteiner, huko Vienna, alieleza makundi ya damu. Mwaka 1916 Rous na Turner, huko Marekani, walipata maji ya sitrati na sukari ya kuizuia damu isigande na kuilisha. Mwaka 1917, vita vikiendelea huko Ufaransa, daktari Oswald Robertson aliweka damu ya namna hiyo katika chupa akawaongezea askari waliojeruhiwa. Mwaka 1937 Bernard Fantus alifungua katika hospitali moja ya Chicago mahali pa kuweka na kutoa damu, akapaita benki. Mwaka 1943 Loutit na Mollison, huko Uingereza, walitengeneza maji bora zaidi, hata damu ikaweza kukaa siku 21. Siku hizi, kwa maji mapya na mifuko ya plastiki, chembe nyekundu zaweza kukaa siku 42 katika baridi ya nyuzi 2 hata 6.

Lakini kukaa si kukaa bure. Ndani ya mfuko chembe hula sukari, na taka za chakula hicho huyafanya maji kuwa makali. Nguvu zao hupungua. Ngozi yao humeguka vipovu vidogo vidogo, na kile kisahani kizuri huota miiba, kisha huviringika kama mpira. Zilizochoka sana hupasuka ndani ya mfuko. Nyingine hufika katika mwili wa mgonjwa, lakini wengu huzitambua na kuziondoa siku ya kwanza tu. Kwa hiyo wataalamu wa Marekani wameweka vipimo viwili vya akiba njema: zilizopasuka mfukoni zisifike 1 katika 100, na saa 24 baada ya kuongezwa, kwa wastani 75 katika kila 100 ziwe bado zazunguka katika mwili wa aliyezipokea.

Kwa miaka mingi waganga waliuangalia mfuko na kuuliza swali moja tu: "Una siku ngapi?" Sisi watu wa shamba twajua ya kuwa swali hilo halitoshi. Mahindi ya mashamba mawili huingia katika ghala moja siku moja, na baada ya miezi sita haya yameliwa na fukusi, yale yangali magumu. Ghala ni moja. Mbegu na udongo ni mbalimbali. Mwaka 1966 daktari Dern na wenziwe, huko Marekani, waliandika ya kuwa ndivyo ilivyo damu pia: watoaji wote wana afya, lakini damu zao hazikai sawa katika akiba. Hata hivyo mtoaji hakutazamwa sana kwa miaka mingi baadaye.

Kuanzia mwaka 2013 ulifanywa uchunguzi mkubwa katika vituo vinne vya damu huko Marekani. Watoaji zaidi ya 13,000 walikubali damu yao iwekwe mpaka karibu na mwisho wa muda wake, siku ya 39 hata ya 42, kisha ijaribiwe. Chembe zilihesabiwa zilivyopasuka zenyewe katika baridi; nyingine zikatiwa katika maji yenye chumvi haba ili zivimbe; nyingine zikapelekewa kile kitu kilicho mfano wa kutu. Wale ambao chembe zao zilipasuka sana, na wale ambao hazikupasuka, waliitwa tena kutoa mara ya pili, na damu zao zikafanya vile vile. Haikuwa bahati ya siku ile.

Matokeo yalianza kuandikwa mwaka 2017. Jambo la kwanza litawastaajabisha wazee wetu: chembe za wanawake zilistahimili kuliko za wanaume, katika majaribio yote matatu. Homoni za kiume zimeonekana kuwa miongoni mwa sababu. Damu ile tuliyoiita nzito ndiyo iliyopasuka upesi! Jambo la pili liliandikwa mwaka 2021: watoaji wanene kupita kiasi chembe zao huelekea kupasuka zaidi katika akiba. Vile vifua vipana vilivyosukumwa mbele, basi, havikuwa dalili ya kitu.

Juu ya upungufu wetu wenyewe, daktari alitusomea uchunguzi wa mwaka 2020 uliofanywa huko New York. Wanaume 10 wenye upungufu wa G6PD, na wanaume 27 wasio nao, walitoa damu. Ikawekwa siku 42. Kisha kila mtu akarudishiwa kidogo cha chembe zake mwenyewe, zilizotiwa alama ili zihesabike. Saa 24 baadaye, kwa wale wazima zilibaki 85 katika kila 100, kwa wastani. Kwa wenye upungufu zilibaki 78. Tuliposikia hayo tuliinama. Daktari akasema, "Inua uso, Mwalimu. Umesikia ya kuwa ni pungufu. Je, hukusikia ya kuwa 78 ni zaidi ya 75?" Ndipo tulipoona kosa letu. Tulikuwa tumeyagawa mambo kuwa mema matupu au mabaya matupu, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Wako na wengine wanaofanana nasi. Mtu aliyerithi selimundu upande mmoja tu, yaani si mgonjwa bali amebeba, aweza kutoa damu. Lakini chembe zake mara nyingi huuziba mchujo utumiwao kuondoa chembe nyeupe, wala damu hiyo haipewi mgonjwa wa selimundu wala mtoto mchanga. Nasi twajua ya kuwa katika nchi yetu watu waliobeba selimundu ni wengi, hasa kandokando ya Ziwa. Mvutaji wa sigara naye, hemoglobini yake imekwisha kushikwa kwa sehemu na moshi ule wenye sumu, nao huingia pamoja na damu mfukoni. Afadhali asivute saa kadhaa kabla ya kutoa. Na akiacha kabisa, ni heri yake mwenyewe kwanza.

Lakini si kila tudhanilo huwa kweli. Watu wengi, hata wataalamu, walidhani ya kuwa mtoaji atoaye mara nyingi mpaka chuma cha mwili wake kikapungua, chembe zake zitakuwa dhaifu katika akiba. Jambo hilo likajaribiwa huko Marekani, na matokeo yakatolewa mwaka 2022. Watoaji 79 wa namna hiyo waligawanywa: hawa wakatiwa chuma kwa sindano, wale wakatiwa maji ya chumvi tu. Kisha wakatoa tena, na chembe zao zikahesabiwa kama tulivyoeleza. Hapakuwa na tofauti. Chuma kikipungua humdhuru mtoaji mwenyewe, wala si sababu ya kuidharau damu yake. Ndiyo maana sheria humtaka mwanamume angoje miezi mitatu, na mwanamke minne: ni kwa kumhurumia yeye.

Tulipokwisha kuyapata hayo, tulirudi kwa daktari na swali letu la kwanza. "Je," tukamwuliza, "damu yetu ilimwua mtoto?"

Akafikiri sana, kisha akajibu, "Sitakwambia ya kuwa damu yako ni sawa na ya mtu mwingine. Lakini upungufu wako huonekana hasa damu ikikaa wiki nyingi, na ile ilikaa nje ya mwili wako saa chache tu. Mtoto yule alikuwa na malaria iliyokwisha kupanda kichwani. Bila damu, naona asingeliifikia asubuhi. Zaidi ya hapo mimi sijui, wala wewe hujui, na usijitwike mzigo wa jambo usilolijua."

Akatueleza na jambo jingine, ambalo twalishika mpaka leo. Kipimo cha mfuko si kipimo cha mgonjwa. Mfuko wa mwanamke una chembe zistahimilizo, lakini kwa kawaida una hemoglobini pungufu kidogo, kwa hiyo damu ya mgonjwa hupanda kidogo kuliko akipewa mfuko wa mwanamume. Huku faida, huku hasara. Huko Kanada wagonjwa zaidi ya 8,700 waligawanywa, wengine wakapewa damu ya wanawake, wengine ya wanaume. Na matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha ya kuwa waliopona na waliokufa hawakutofautiana kwa sababu hiyo.

Na hapa kwetu, jirani zetu wa Uganda walifanya jambo kubwa. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watoto 290 wa miezi 6 hata 60 waliletwa wakiwa na upungufu mkubwa wa damu, na miili yao imejaa ile asidi ambayo ni alama ya kukosa oksijeni. Wengi wao walikuwa kama mtoto wa jirani yetu. Nusu wakapewa damu iliyokaa siku 1 hata 10, nusu wakapewa iliyokaa siku 25 hata 35. Ilipotazamwa baada ya saa nane, asidi ilikuwa imepungua kwa hawa kama kwa wale. Habari hiyo iliandikwa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba mfuko uliokaa mwezi mzima katika friji, maadamu umetunzwa sawasawa, bado ni uhai kwa mtoto. Damu mbaya kuliko zote kwa mtoto ni ile isiyokuwamo katika friji.

Tulipoyasikia hayo tuliikumbuka friji ya mwaka 2016, iliyokuwa haina hata mfuko mmoja wa O. Ndipo tulipojiuliza swali ambalo hatukupata kujiuliza: kwa nini ilikuwa tupu? Jibu lilikuwa nyumbani mwetu. Mama wa watoto wetu ni wa kundi la O pia. Mara mbili alitaka kupanga safu chini ya mwembe, na mara mbili tukamwambia, "Kaa, mama, damu yangu yatosha kwa nyumba hii." Na katika kila nyumba ya kijiji mume alisema hivyo hivyo. Hivyo kijiji kilitoa nusu ya akiba yake, na nusu ile ile iliyokaa kando ndiyo yenye chembe zikaazo sana.

Lilibaki jambo gumu. Mama wa yule marehemu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulikuwa tumepokea shukrani zake kwa miaka mitano, na sasa tulijua jambo asilolijua. Wengine walitushauri kunyamaza. Tuliona ya kuwa kunyamaza ni kuendelea kupokea shukrani kwa kitu tusichokijua sawasawa. Jioni moja tukaenda, tukabisha hodi, tukaketi mkekani, tukamweleza yote: dapsoni, kimeng'enya, mfuko.

Alisikiliza akichambua mchicha, wala hakuinua uso. Tulipokwisha, akauliza, "Mwalimu, ulijua wakati ule?" Tukasema, "Hatukujua." Akauliza tena, "Na daktari anasema ndiyo iliyomwua?" Tukasema, "Anasema hadhani hivyo, lakini hakuna ajuaye." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Asubuhi ile aliniomba uji. Nilimlisha kwa mkono wangu, akanicheka kwa kuwa nilijimwagia. Asubuhi ile naiweka mpaka leo. Sitakurudishia, Mwalimu, wala usiniombe kukusamehe, maana hukunikosea." Tulipoinuka kuaga, akauliza, "Na damu ya wanawake, ulisema hukaa?"

Mwaka 2022 gari la Damu Salama liliposimama chini ya mwembe, mama wa watoto wetu alikuwa wa kwanza katika safu, na yule mama alikuwa nyuma yake. Mama wa watoto wetu alitoa. Yule mama alipopimwa, hemoglobini yake haikufika kiasi kitakiwacho, yaani gramu 12.5; akaambiwa ale mboga za majani, maharage na dagaa, arudi baadaye. Watu wengine walicheka, wakasema, "Tuliwaambieni!" Yeye hakuwajibu. Msimu uliofuata alirudi, akapimwa, akafika kiasi, akatoa. Tangu siku hiyo hatujasikia mtu akicheka.

Sisi hatutoi tena. Kadi yetu iko sandukuni, nayo ina alama kumi na mbili. Gari lijapo kazi yetu ni kuandika majina, na kuwapa watoaji chai. Twakiri ya kuwa kazi hiyo ilituuma mwaka wa kwanza, hasa vijana walipotuuliza, "Mwalimu, waogopa sindano?" Sasa twawajibu kweli, na jibu hilo huwa somo kwao.

Basi, ndugu zetu, twawaombeni mambo haya. Mkiulizwa na mwuguzi kabla ya kutoa, jibuni kweli yote. Ikiwa mkojo wako ulipata kuwa mweusi baada ya kunywa dawa, mwambie. Ikiwa katika ukoo wenu kuna selimundu, mwambie. Hayo si maswali ya kukuaibisha. Ndiyo yamsaidiayo kujua damu yako itamfaa nani. Mwenye kuambiwa asitoe, asione ya kuwa amedharauliwa. Kazi ziko nyingi kando ya kitanda cha mtoaji. Nanyi wanaume msiseme tena, "Damu yangu yatosha kwa nyumba hii," maana hapana ajuaye kwa kutazama kifua ni damu ya nani itakayokaa. Mtoto wa jirani akiletwa usiku wa masika, na mfuko wa kundi lake uwepo.